Soko la nishati jadidifu: linapokua, nini hasa kinakua Mtwara na Lindi?

Soko la nishati jadidifu ni mtandao mzima wa wanaozalisha, kuuza, kukopesha, kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, upepo, maji, jotoardhi na bayogesi, pamoja na wanunuzi wao na sheria zinazowasimamia. Ikisemwa kwamba soko hili linakua, wengi huhesabu megawati zilizozinduliwa au paneli zilizoshushwa bandarini. Hesabu hiyo haitoshi. Paneli iliyouzwa mwaka huu, kisha ikabaki juu ya bati bila betri baada ya miaka miwili, haijakuza soko. Soko limekua pale mteja anapopata spea na fundi karibu, muuzaji anapata fedha yake yote, na wote wawili wako tayari kufanya biashara tena.

Dhana hii ina ngazi mbili, na watu huzichanganya.

Ngazi ya juu ni soko la kanda, yaani nchi kuuziana umeme kupitia njia kubwa za kusafirisha. Tanzania imo katika jumuiya mbili za aina hiyo: SAPP ya Kusini mwa Afrika, iliyoanzishwa 1995, na EAPP ya Mashariki, ya mwaka 2005. Faida yake ni kwamba vyanzo jadidifu havizalishi kwa wakati mmoja. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115, lakini linategemea mvua. Jotoardhi ya Olkaria kule Kenya haijui masika wala kiangazi. Njia ya kilovolti 400 kati ya Singida na Isinya ndiyo inayowezesha ziada ya huku kwenda kule, na ya kule kuja huku.

Mtwara na Lindi zina historia tofauti. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na kwa miaka mingi umeme wa mikoa hii ulitoka kwenye mitambo ya gesi ya Mtwara, mbali na Gridi ya Taifa. Njia ya kilovolti 220 kutoka Songea kupitia Tunduru na Masasi hadi Mahumbika ndiyo iliyobuniwa kuziba pengo hilo. Kwa mwekezaji wa sola hili ni jambo kubwa. Ukiunganisha shamba la sola la megawati 10 kwenye gridi ndogo yenye mahitaji ya megawati 20 hivi, wingu moja zito linaweza kukata nusu ya uzalishaji wake ndani ya dakika. Injini za gesi zisipowahi kufidia, masafa ya umeme (frikwensi) hushuka chini ya hezi 50 za kawaida, vifaa vya ulinzi vinakata, na mji mzima unaingia giza. Shamba hilohilo likiwa kwenye gridi ya maelfu ya megawati, wingu lile halimshughulishi mtu.

Ngazi ya chini ni ile ya kaya na kijiji, na ndiyo inayoonekana Tandahimba, Liwale au Nanyumbu.

Tuanze na ushindani, kwa sababu wauzaji wa sola hawapendi kuutaja. Kaya yenye taa nne za wati 5 zinazowaka saa tano (wati-saa 100, yaani Wh 100), televisheni ya wati 20 kwa saa nne (Wh 80) na simu tatu za kuchaji (Wh 30) inatumia Wh 210 kwa siku, sawa na uniti 6.3 kwa mwezi (uniti moja ni Wh 1,000). Mteja wa TANESCO wa daraja la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa Sh 100 kwa uniti. Ongeza VAT, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), inakuwa Sh 122. Matumizi yote yale hayafiki Sh 800 kwa mwezi, na gharama ya kuunganishwa kijijini ni Sh 27,000. Hakuna mfumo wa sola wa nyumbani unaoshinda bei hiyo. Kwa hiyo soko halisi la sola ni la kaya ambazo nguzo iko mbali nazo, la wanaochoshwa na umeme kukatika, na la kazi ambazo waya haufiki: pampu ya bustani bondeni au friji ya samaki kambini kwa wavuvi.

Kwa kaya ile iliyo mbali na nguzo, ukubwa wa mfumo unapatikana hivi. Gawa Wh 210 kwa 0.7 kufidia upotevu wa joto, nyaya na betri: unapata Wh 300 kwa siku. Miezi ya mawingu, kuanzia Desemba hadi Aprili, hesabu saa nne tu za jua kamili: 300 kwa 4 ni wati 75, basi nunua paneli ya wati 100. Betri itunze siku moja na nusu, yaani Wh 450. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, hivyo ya volti 12 iwe na ampea-saa (Ah) 75. Ya lithiamu, inayoruhusu asilimia 80, Ah 50 inatosha. Kidhibiti chaji, kinacholinda betri isijazwe kupita kiasi wala kushushwa mno, kiwe cha ampea 10. Paneli ielekezwe kaskazini, kwa sababu tuko karibu digrii 10 kusini mwa Ikweta, na ilazwe kwa digrii 10 hadi 15. Ukiilaza bapa kabisa, vumbi na maji vitatuama kwenye ukingo wa chini.

Mifumo mingi hufa kwa sababu ya waya. Paneli ya kawaida imeandikwa volti 18, lakini ikipigwa na jua la mchana juu ya bati hushuka hadi karibu 16. Betri ya risasi inahitaji takriban volti 14.4 ili ijae. Sasa fundi akitumia waya wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali wa mita 10, ampea 6 zinapoteza karibu volti 1.4 njiani. Kinachofika ni karibu volti 14.6, na kidhibiti na maungio nayo yakila chake, 14.4 haifikiwi kwa uhakika. Betri haijai hata siku moja, sulfeti inagandia kwenye sahani zake, na mwaka haujaisha mteja anasema sola ni utapeli. Waya wa milimita 4 ungepoteza nusu volti tu. Duka linalouza seti bila kueleza unene wa waya linauza lawama.

Mengine yanajulikana: betri ya gari kufanywa betri ya sola, ilhali imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini na haivumilii kushushwa kila usiku, nyaya kusokotwa bila kiunganishi, invata (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO) isiyojizima betri ikishuka kufungwa moja kwa moja kwenye betri, ikaipita ile kinga ya kidhibiti. Pwani, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, chumvi hula bolti za chuma, kwa hiyo ziwe za chuma kisichoshika kutu na vichwa vya betri vipakwe grisi. Na kwenye mikorosho kuna jambo ambalo maelekezo ya kiwandani hayalitaji. Wakati wa kupuliza salfa, wengi wakipuliza kati ya Juni na Septemba, unga ule wa njano hutua kwenye kioo pamoja na vumbi la kiangazi. Paneli iliyo jirani na shamba ioshwe kwa maji na kitambaa laini kila wiki, asubuhi kabla kioo hakijapata moto. Tawi la mkorosho nalo likatwe: kivuli kwenye seli chache tu kinaweza kushusha paneli nzima.

Malipo ndiyo yanayoamua kama soko litaendelea. Mfumo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu humfungia mteja umeme siku zake zikiisha, na uliundwa kwa mtu mwenye kipato cha kila siku au cha kila mwezi. Mkulima wa Newala hana kipato hicho. Ufuta huleta fedha katikati ya mwaka, na korosho kuanzia Oktoba baada ya minada ya stakabadhi ghalani, fedha zikipitia vyama vya msingi na benki. Kati ya Februari na Mei mfuko ni mkavu, na ndiyo miezi ambayo vifaa vingi hufungwa kwa deni. Muuzaji anayelijua hili huandika mkataba wa awamu mbili kubwa, baada ya ufuta na baada ya korosho, na malipo madogo sana katikati. Anayelazimisha elfu mbili tatu kila wiki mwaka mzima atahesabu wadaiwa sugu ambao kwa kweli si sugu.

Gridi ndogo ya kijiji ni biashara nyingine. Sheria ya Umeme ya 2008 na kanuni za EWURA zinaruhusu mzalishaji mdogo hadi megawati 10, na aliye chini ya megawati 1 hahitaji leseni, ila anasajiliwa. Jua ni la mchana lakini kaya hutumia umeme saa moja hadi saa nne usiku, kwa hiyo kila uniti ya usiku lazima ipite kwenye betri, na betri ndiyo ghali. Ndiyo maana mwenye gridi humtafuta kwanza mteja wa mchana: mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea, kiwanda cha barafu. Tahadhari moja: mota ya kilowati 7.5 ikiwashwa moja kwa moja huvuta ampea mara tano hadi saba ya kawaida yake, na invata hukata kijiji kizima. Iwashwe kwa sta-delta (swichi inayoianzisha mota kwa mkondo mdogo) au kwa kifaa kinachopandisha mwendo taratibu, na gharama hiyo iandikwe kwenye makubaliano kabla mashine haijafika.

Swali la mwisho ambalo mkopeshaji yeyote huuliza: nguzo za TANESCO zikifika je? Kanuni zinampa mwenye gridi njia kadhaa. Anaweza kuendelea kuzalisha na kuiuzia TANESCO kwa jumla, kununua kwa jumla kutoka TANESCO na kuwasambazia wateja wake, kufanya yote mawili, au kukabidhi nyaya na kudai fidia. Njia hizo zote zinasimama juu ya ubora wa kilichojengwa. Nguzo na nyaya zilizojengwa kwa viwango vya TANESCO tangu mwanzo zina thamani mezani. Nguzo za miti ya kienyeji zisizotiwa dawa na nyaya nyembamba zitang'olewa, na gharama zake zinabaki kwa aliyezisimika.