Hakuna anayekutafuta wewe: dhana potofu kuhusu usalama wa mitandao

"Sisi ni wadogo, nani atahangaika nasi?"

Anayehangaika ni programu, si mtu. Inapiga hodi kwenye anwani za intaneti usiku na mchana, na popote penye tundu lisilozibwa inaingia bila kuuliza pana nani. Mei 2017, programu hasidi iitwayo WannaCry ilisambaa hivyo katika nchi takriban 150, ikifunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilikumbwa, ingawa hakuna aliyezilenga. Microsoft, watengenezaji wa Windows, walishatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu lile, tangu Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Ukizoea kubonyeza "nikumbushe kesho" kila sasisho likija, jua kwamba huko ndiko wengi walikoponzeka.

"Tuna nakala rudufu, hatuna wasiwasi"

Iko wapi? Diski ya nje iliyochomekwa muda wote, au seva (kompyuta inayohudumia nyingine) ya mtandao uleule, huangamia pamoja na data yenyewe.

Maersk, kampuni kubwa ya meli, ilikuwa na seva zaidi ya mia moja zinazotunza orodha ya watumiaji wa mtandao wake, zote zikinakiliana. Moja ikifa, zipo nyingine. Hesabu ilionekana nzuri. Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya ikazifuta zote, ikabaki moja tu, ya ofisi ya Ghana. Iliponea wapi? Umeme ulikuwa umekatika, seva ikawa imezimika. Intaneti ya huko haikutosha kutuma data yote ile, basi mfanyakazi akaibeba hadi uwanja wa ndege nchini Nigeria, akamkabidhi mwenzake, naye akapanda nayo ndege kwenda Uingereza. Kampuni ilikadiria hasara ya dola milioni 200 hadi 300.

Kwa hiyo nakala moja iwe imechomolewa kabisa. Na mjaribu kurejesha mafaili machache mara kwa mara, maana wapo wanaogundua siku ya balaa kwamba miezi yote walikuwa wakinakili folda tupu.

"Tovuti ina alama ya kufuli, ni salama"

Kufuli husema tu kwamba mawasiliano yamesimbwa njiani, yaani yamegeuzwa yasisomeke na mwingine. Tapeli naye hupata cheti cha kuwekewa kufuli hilo bure, kwa dakika chache. Kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo 2023 kwa sababu watu waliielewa vibaya. Katika anwani ya tovuti, tazama jina lililo mwishoni (pamoja na .com au .co.tz), kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://: huyo ndiye mwenye tovuti, hata anwani ikianza na jina la benki yako.

"Badilisha nywila kila miezi mitatu"

Ushauri huu umepitwa na wakati. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliuacha 2017: badilisha pakiwa na dalili kwamba imevuja. Ukimlazimisha mtu, "Januari@1" itageuka "Aprili@1", basi. Nywila iwe ndefu, isitumike kwingine, na uongeze uthibitishaji wa hatua mbili, kama namba inayotumwa kwenye simu yako.

"Antivairasi na ukuta wa moto vinatosha"

Ukuta wa moto ni kichujio cha mawasiliano yanayoingia na kutoka kwenye mtandao. Walioiba taarifa za kadi za malipo milioni 40 za wateja wa maduka ya Target ya Marekani, 2013, walianzia kwenye akaunti ya mkandarasi wa mitambo ya viyoyozi. Nywila ilikuwa sahihi, na antivairasi haimkatazi mwenye nywila sahihi. Fundi wa nje apewe akaunti inayoishia pale kazi yake ilipo, na ifungwe siku anapomaliza.