Je, wajua kwa nini kimya cha baada ya usaili huuma kuliko "hapana"?

Mpwa wangu alifanya usaili wa mchezo wa kuigiza Jumamosi iliyopita, pale Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, Nairobi, ule uliofunguliwa mwaka 1952 ukatazamana na hoteli ya Norfolk. Aliigiza kipande cha dakika mbili alichokuwa amekikariri, akapewa kurasa mbili za mswada azisome na kijana asiyemjua, kisha akaambiwa, "Asante, tutakupigia." Jumatatu baadhi ya wenzake wakaitwa raundi ya pili. Yeye hakuitwa, wala hakuambiwa kwamba ameachwa. Jumatano usiku akaniandikia: "Mjomba, wangesema hapana ningelia nikalala. Mbona hiki kimya ndicho kinaninyima usingizi?"

Wahenga walishajibu nusu ya swali hilo: ngojangoja huumiza matumbo. Hawakusema kukosa ndiko kunakoumiza. Aliyekosa hulia, akapanguza machozi, akaomba chakula. Anayengoja ndiye tumbo humsokota.

Mwaka 2016 watafiti wa University College London (UCL), chuo kikuu cha Uingereza, walichapisha jaribio ambalo mwigizaji yeyote angelitambua. Watu 45 walicheza mchezo wa kompyuta wakionyeshwa mawe, na kwa kila jiwe walibashiri kama chini yake kuna nyoka. Nyoka akitokea, mchezaji alipigwa shoti ya umeme mkononi, yenye kuuma ingawa haidhuru. Uwezekano wa kumkuta nyoka ulikuwa ukibadilikabadilika, na watafiti walipima jasho la ngozi na kutanuka kwa mboni za macho. Msongo ulifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Waliojua kwa hakika kwamba shoti inakuja walikuwa watulivu kuliko waliokuwa hawajui kama itakuja au la.

Ndiyo hali ya mpwa wangu. "Hapana" ni shoti: inauma, inapita. Kimya ni jiwe ambalo halijafunuliwa.

Na tumbo linaingiaje? Ubongo usiojua linalokuja hujiandaa kana kwamba ni baya. Homoni za msongo hupanda, kwanza adrenalini, kortisoli ikafuata, damu ikaelekezwa kwenye misuli na usagaji wa chakula ukawekwa kando kidogo. Utumbo una mtandao wake wenyewe wa seli za neva, zaidi ya milioni 100, unaozungumza na ubongo mchana na usiku kupitia neva ndefu iitwayo vagasi. Methali basi haikutaja matumbo kwa ajili ya utamu wa lugha tu.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu kazi isiyokamilika. Bluma Zeigarnik, mwanasaikolojia aliyefanya utafiti wake Berlin, aliandika mwaka 1927 kwamba watu hukumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza. Waliorudia majaribio yake baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo usiyachukue kama sheria. Lakini mwenzake, Maria Ovsiankina, aligundua kitu kinachosimama imara zaidi: aliyekatizwa kazi hurudi kuiendeleza mwenyewe, hata bila kuombwa. Usaili usio na jibu ni kazi iliyokatizwa, na wewe huna pa kuiendeleza isipokuwa kichwani. Ndiyo maana saa nane za usiku unajikuta ukiirudia ile sentensi uliyoikosea, safari hii kwa sauti nzuri kabisa, mbele ya dari.

Mimi mwenyewe, miaka mingi nyuma, nilijaribu bahati yangu na kundi lililokuwa likizunguka shule za sekondari likiigiza vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa. Nilisoma sehemu ya kijana mmoja, mwana wa bibi mkali. Sikupigiwa simu hadi leo. Sehemu nilizocheza baadaye, nikapigiwa makofi, zimenitoka zote. Zile kurasa mbili nazijua neno kwa neno. Sidai kwamba huo ni ushahidi wa kisayansi, ila Zeigarnik angetabasamu.

Sasa, kimya chenyewe kina maana gani? Hapa ndipo waigizaji wengi wachanga hujidanganya, kwa sababu hukisoma kana kwamba ni barua waliyoandikiwa wao. Tangazo la usaili limechangia: "Watakaochaguliwa pekee ndio watakaojulishwa." Ukisoma hivyo, kila siku inayopita ni hukumu. Lakini kaa upande wa pili wa meza uone.

Raundi ya pili si orodha ya waliofaulu. Mwelekezi huitisha raundi ya pili anapokuwa na swali ambalo raundi ya kwanza haikulijibu. Je, huyu na yule wakisimama pamoja wataonekana mume na mke? Sauti ya huyu itafika viti vya nyuma bila maikrofoni? Yule anaweza kuimba na kucheza kwa pamoja bila kuishiwa pumzi? Mtu ambaye hamna swali juu yake, mwelekezi hana sababu ya kumwita. Huenda ni kwa sababu ameshamkataa. Huenda pia ni kwa sababu ameshampa nafasi kichwani mwake tangu dakika ya kwanza, hasa kwa sehemu ndogo na zile za kundi, ambazo mara nyingi hujazwa kutokana na raundi ya kwanza peke yake. Kutoitwa tena, basi, ni habari hafifu. Ni kweli kwamba kwa uhusika mkuu uwezekano hupungua, sitampaka mpwa wangu mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini haujafika sifuri.

Halafu lipo jambo ambalo hakuna anayelitangaza. Mwelekezi akishachagua, humpigia mtu wa kwanza, na huyo mtu wa kwanza huomba siku mbili tatu afikirie, kwa kuwa kuna tangazo la biashara analongojea, au bosi wake wa kazi ya mchana hajampa ruhusa. Wakati huo wote mtu wa pili kwenye orodha hawezi kuambiwa "ndiyo", wala hakuna mwelekezi mwenye akili atakayemwambia "hapana", maana kesho anaweza kumhitaji. Kwa hiyo ananyamaziwa. Kimya unachokisikia wewe mara nyingine ni kimya cha mtu mwingine ambacho mwelekezi naye anakisikia, akiangalia simu yake kama wewe unavyoangalia yako.

Hiyo simu nayo ni mtego. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha zamani kwamba njiwa anayepata punje kwa nasibu hudonoa kitufe kwa ukaidi kuliko yule anayepata punje kila mara. Simu hukupa ujumbe kwa nasibu hivyohivyo, na tisini na tisa kati ya mia ni kundi la WhatsApp la harusi. Unaendelea kudonoa.

Tufanyeje basi? Kate Sweeny, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, aliwafuatilia wahitimu 230 wa sheria waliofanya mtihani wa uwakili wa California, ambao huketi Julai na kungoja matokeo hadi Novemba, miezi minne. Walijaribu yale tunayoyajaribu sote: kujipa moyo, kujitayarisha kwa baya, kusukuma mawazo pembeni. Kwa jumla hayo hayakuwapunguzia mahangaiko ya kungoja. Cha ajabu, waliohangaika walikuja kupokea matokeo vizuri zaidi, mabaya wakayakabili na mazuri wakayafurahia kweli, kuliko waliopitisha miezi hiyo wakiwa watulivu. Nilipomwambia mpwa wangu hilo alinijibu kwa kicheko cha maandishi tu, lakini naamini lilimfaa: kukosa usingizi kwake si dalili kwamba hafai kwa kazi hii.

Kilichoonekana kusaidia, katika kazi za baadaye za Sweeny na wenzake, ni kuzama kwenye shughuli inayokumeza: ngumu kiasi cha kudai akili yako yote, si ngumu kiasi cha kukukatisha tamaa. Kutazama video mfululizo hakuhesabiki, kwani akili hubaki na nafasi ya kurandaranda. Kujifunza gitaa kunahesabika. Kukariri kipande kipya kwa ajili ya usaili mwingine ndiko ninakokupenda zaidi, ingawa nakiri kwamba siku mbili za kwanza hakuna anayeweza.

Na ile kazi iliyokatizwa? E. J. Masicampo na Roy Baumeister, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha mwaka 2011 kwamba lengo ambalo halijatimia huacha kuvamia mawazo mtu akishaliwekea mpango mahususi, hata kabla hajautekeleza. Akili haihitaji kazi iishe, inataka kujua itashughulikiwa lini na vipi. Kwa hiyo tulipatana na mpwa wangu tarehe: Ijumaa ijayo, saa kumi na moja jioni. Hadi hapo usaili uko mikononi mwao. Saa hiyo ikifika bila simu atatuma ujumbe mmoja kwa aliyepokea fomu: kwamba alisoma Jumamosi fulani, angependa kujua kama nafasi zimeshajazwa ili apange ratiba yake, na anashukuru. Mmoja tu. Asipojibiwa hadi Jumatatu, anaifunga hesabu mwenyewe na kwenda kwenye usaili mwingine. Wakimpigia baada ya hapo, hiyo itakuwa habari mpya.

Aliniuliza kama mimi niliwahi kujua kilichotokea na yule mwana wa bibi mkali. Nilijua. Muhula uliofuata kundi lile lilikuja kuigiza katika shule aliyokuwa akisoma ndugu yangu mdogo, nikajipenyeza hadi kiti cha nyuma nimwone huyo aliyenishinda. Alikuwa mzuri, si mzuri sana. Alimeza maneno, na sehemu niliyoisoma mimi aliipitia mbiombio. Nikawa nimekunja uso, tayari kulalamika. Kisha bibi mkali akaingia jukwaani, wakasimama bega kwa bega mwangani, na ukumbi mzima ukacheka kabla hawajasema neno. Walikuwa na pua moja.