Asili ya Neno Siyo Maana Yake

Wiki iliyopita, kwa mara ambayo sijui tena ni ya ngapi, mwanasemina mmoja alinyoosha mkono akaeleza kwa kujiamini kwamba anayemwita mwenzake "nice", yaani mtu mwema wa kupendeza, anamtukana bila kujua, kwa sababu "maana halisi" ya neno hilo ni mjinga. Wenzake wakayaandika daftarini. Kazi yangu ni kufasiri nyaraka za Kiingereza, nyingi zikiwa za kale, na nimeona imani hii ikiharibu tafsiri nyingi mno kiasi kwamba siwezi kuendelea kuinyamazia.

Historia aliyoitaja ni ya kweli. Neno hilo linatokana na Kilatini "nescius", yaani asiyejua, likapitia Kifaransa cha kale, na lilipoingia katika Kiingereza cha Zama za Kati lilimaanisha mpumbavu. Maana ya kupendeza ilikuja kuenea katika karne ya 18. Kosa limo katika kusema "halisi". Sisi wenyewe tunamwita mtu mwenye adabu mstaarabu, neno ambalo shina lake la Kiarabu linahusu kuwa kama Mwarabu, lakini ukimsifu jirani yako kwa ustaarabu hakuna anayedhani kwamba umezungumzia kabila lake.

Wanaoshikilia asili hupenda pia "decimate", ambalo leo hutumika kwa kuangamiza sehemu kubwa ya kitu, wakisisitiza kwamba lazima limaanishe kuua mtu mmoja katika kila kumi, kama jeshi la Roma lilivyowaadhibu askari wake. Basi waeleze ni kwa nini mwaka 1655, chini ya Cromwell aliyeitawala Uingereza isiyokuwa na mfalme, "decimation" ilikuwa kodi ya sehemu ya kumi waliyotozwa wafuasi wa mfalme, ambao walitoa fedha na wakabaki hai.

Linaloniudhi kuliko yote ni "let". Pasipoti ya Uingereza inaomba mwenye nayo aachwe apite "without let or hindrance". Mteja mmoja alinirudishia tafsiri yangu akiwa amekata kwa wino mwekundu maneno "bila kizuizi wala kipingamizi" na kuandika juu yake "bila ruhusa", kwa kuwa "let" anayoijua yeye ni ya kuruhusu. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili: "lætan", kuacha au kuruhusu, na "lettan", kuchelewesha au kuzuia, ambacho ni ndugu wa "late". Matamshi yalivyobadilika vikafanana kabisa, hata kwa karne kadhaa neno moja likawa linafungua mlango na kuufunga. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika 2 Wathesalonike 2:7, inasema "he who now letteth will let", na msomaji wa leo huona hapo mtu anayeruhusu, ilhali Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 inasema waziwazi "azuiaye". Sasa anayetafuta maana halisi kwa kurudi nyuma achague ipi, iwapo zote mbili zinatoka katika Kiingereza cha kale?

Mengine nayapitia haraka. "Silly", leo mpumbavu, ilikuwa mwenye heri; "meat", leo nyama, ilikuwa chakula chochote; "girl", leo msichana, iliweza kuwa mtoto wa kiume au wa kike; na "starve", leo kufa njaa, ilikuwa kufa kwa sababu yoyote. Katika Biblia hiyo ya 1611, 1 Wathesalonike 4:15, "prevent" ni kutangulia, na ndivyo ilivyo katika Kiswahili: "hatutawatangulia". Lakini bango la zahanati lenye "prevent malaria" halimwambii mama mjamzito aitangulie malaria, bali aizuie. Neno ni lilelile; kilichobadilika ni mwaka wa sentensi, na ndiyo maana jambo la kwanza ninaloandika juu ya kila ukurasa ni tarehe yake.

Hata hivyo tarehe haimalizi kila kitu. Kamusi kubwa ya Oxford yenyewe inakiri kwamba katika mifano mingi ya karne ya 16 na ya 17 ni vigumu kusema mwandishi alikusudia "nice" ya namna gani: ya upumbavu, ya kuchaguachagua kupita kiasi, au ya umakini. Nikikutana nayo katika barua ya wakati huo, huandika pembeni maneno mawili ya Kiswahili kwa penseli na kuisoma barua nzima upya, na zipo kurasa zilizokwenda kwa mteja maneno hayo yakiwa bado mawili.