Yaka inaisha mbio? Tafuta panapotengenezwa joto

"Fundi, njoo ubadilishe mita, Yaka inaisha mbio." Yaka ni umeme wetu wa kulipia kabla hapa Uganda. Simu za namna hii napokea nyingi, na mara nyingi mita haina kosa lolote. Kazi yangu ni kukagua matumizi ya nishati majumbani, Kampala na kaskazini hadi Gulu na Arua. Nikifika nakuta mwenye nyumba ameshaanza kubana mahali pasipostahili: watoto wamekatazwa kuchaji simu, taa ya baraza imezimwa, redio imenyamazishwa. Huku nyuma hita ya maji inachemka tangu jana.

Kifaa kinachotengeneza joto, au kinacholihamisha kutoka hapa kwenda pale, ndicho kinachokula umeme. Hapo nazungumzia hita, shawa ya umeme, pasi, birika, jiko na friji. Kinachotoa mwanga, sauti au picha hula kidogo. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikipata moto muda wote huimaliza uniti hiyo ndani ya saa moja. Balbu ya LED ya wati 9 inahitaji zaidi ya saa 110 kuimaliza. Simu ukiichaji kila siku kwa mwezi mzima, uniti moja haiishi. Waacheni watoto wachaji simu zao.

Kabla hujanunua chochote, simama mbele ya mita yako. Kuna kitaa chekundu kinachomulika, na karibu nacho pameandikwa namba, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake kitaa kikimulika mara 1,000, uniti moja imekwenda. Chukua simu, hesabu sekunde kati ya mmuliko mmoja na unaofuata, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika nyumbani kwako dakika hiyo. Sekunde 36 ni wati 100. Sekunde 3.6 ni wati 1,000. Kama mita yako imeandikwa 1600, anza na 2,250 badala ya 3,600. Baada ya hapo zima kifaa kimoja kimoja huku mtu mwingine akiangalia kitaa, na kila kifaa kitajitaja chenyewe.

Pale Bombo kuna Hajati mmoja aliyeniita akiwa amekata tamaa. "Mwanangu, mimi nalala mapema, wajukuu wako bweni. Nani anautumia umeme wangu usiku?" Tukazima taa, tukachomoa friji, tukachomoa televisheni. Kitaa kikaendelea kumulika kila baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Hizo ni wati kama 1,400, yaani kuna kitu kinapasha joto. Tulizunguka nyumba nzima hadi bafu ya wageni, ambayo hakuna aliyeiingia tangu Idi, tukakuta swichi ya hita imewashwa na bomba la maji moto linadondosha. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 10 kwa siku. Kila lita inayotoka, tangi linavuta lita baridi na kuipasha upya, kwa hiyo kwa matone hayo tu Hajati alikuwa akipoteza karibu nusu uniti kila siku, mbali na joto linalotoka kwenye tangi lenyewe. Mpira mdogo wa bomba wa bei ndogo na kidole kwenye swichi vilimaliza kazi.

Maji moto ndiyo mlaji mkubwa katika nyumba nyingi za mjini, kwa hiyo tuyakalie kidogo. Kupasha tangi la lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunataka uniti 2.3, na hakuna fundi anayeweza kuipunguza hesabu hiyo. Maji ni maji. Unachoweza kupunguza ni mambo mawili: kiasi cha maji, na muda yanaokaa moto bila mtu. Hita ya wati 1,500 huchukua kama saa moja na nusu kulijaza joto tangi hilo. Iwashe kabla ya kuoga, izime, watu waoge wakifuatana. Themostati iwe nyuzi 60: juu ya hapo unalipia maji ambayo utayachanganya na ya baridi, na chini ya hapo bakteria wanaweza kustawi ndani ya tangi.

Shawa zile zinazopasha maji papo hapo zina sifa nzuri kwamba hazihifadhi kitu, lakini nyingi huvuta wati 5,500. Dakika kumi chini yake ni uniti 0.9. Watu watano, kila mmoja dakika kumi, na unakaribia uniti tano kwa siku kwa kuoga tu. Ndoo ya lita 15 ya maji vuguvugu hutaka karibu theluthi ya uniti. Siwaambii watu warudi kwenye ndoo kwa nguvu, ila kijana anayeimba nyimbo tatu bafuni ajue anaimba kwa gharama ya nani. Nyumba yenye watu wengi na paa lisilo na kivuli nashauri iweke hita ya maji ya jua kabla ya kufikiria kitu kingine chochote cha jua.

Jikoni, watu husahau kuhesabu mkaa kwa sababu hauonekani kwenye Yaka. Nishati ni nishati, na fedha hutoka mfuko uleule. Tangu Mei 2023, Rais Museveni alipopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi kwa agizo lake, suala la mkaa limekuwa zito zaidi, na miti tunayoipoteza hairudi kwa msimu mmoja. Kama unapikia sigiri, iwe ile yenye udongo ndani, na jifunze kuutumia mlango wake wa hewa: ufungue chungu kikitafuta kuchemka, ufunge karibu wote kikishachemka. Maji yakishachemka hayapati moto zaidi hata ukichochea moto vipi. Moto wa ziada unageuka mvuke na kupaa.

Hapo ndipo maharage yanapotutesa. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96. Kabale, ambako ni juu zaidi, ni kama 94. Ndiyo sababu maharage ya Kabale hayaivi haraka, si ubaya wa mbegu. Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, kisha tumia sufuria ya presha; ndani yake joto hupita nyuzi 110 na muda wa kupika hukatika vibaya sana. Sufuria ya presha ya umeme ni bora zaidi kwa sababu ina koti la kuhifadhi joto na hujizima ikishapata presha. Kwa wateja wangu, sufuria ya maharage yaliyolowekwa hula nusu uniti au pungufu.

Sasa angalia bei. Ukiacha uniti 15 za kwanza, ambazo ni nafuu, uniti ya kawaida ya nyumbani mwaka 2025 ilizidi shilingi 700. Lakini ERA, mamlaka inayodhibiti umeme, iliweka ngazi ya kupikia: mwaka huo uniti ya 81 hadi ya 150 ndani ya mwezi ilikuwa shilingi 412, kisha bei ikapanda tena. Familia inayotumia uniti 90 kwa mwezi inaweza kuhamishia maharage, mchele na mchuzi kwenye umeme na bado ikabaki ndani ya ngazi hiyo. Bei hupitiwa kila robo mwaka, basi hakikisha kabla ya kupiga hesabu. Asiyekuwa na umeme wa kutosha achukue kikapu kirefu, akipange ndani majani makavu ya migomba au nguo kuukuu kwa unene wa kiganja pande zote, achemshe chungu vizuri, akizike humo na kukifunika, chakula kimalizie kuiva kwa joto lake chenyewe. Mama zetu wanaoacha matoke kwenye majani yake kwa saa nyingi wanaielewa kazi hiyo kuliko mimi.

Friji ina mambo machache. Isisukumwe hadi ukutani, maana mgongo wake ndio unaotoa joto, na isikae karibu na jiko. Bana karatasi mlangoni. Ikivutika bila kukaza, mpira umechoka, ubadilishwe. King'amuzi kilichoachwa kwenye taa nyekundu kinaweza kula wati 10 au zaidi mchana na usiku, yaani uniti saba kwa mwezi bila kuonyesha picha. Kichomoe.

Paa ndilo ninalolipigania zaidi, kwa sababu ni kosa tunalolijenga na kuishi nalo miaka thelathini. Ikweta inapita Kayabwe, barabara ya Masaka. Maana yake jua letu la adhuhuri haliegami sana upande wowote. Linapiga bati moja kwa moja, na bati tupu huangaza joto hilo chini vichwani mwetu hadi jioni. Ndipo watu wa Gulu na Arua hununua feni ya pili mwezi wa Januari. Dari hubadilisha kila kitu. Kama huna fedha ya jipsamu, mikeka ya mafunjo iliyofungwa vizuri chini ya mbao za paa inafanya kazi kubwa, na inapunguza hata kelele za mvua. Acha nafasi ya hewa kati ya dari na bati, na matundu ya kutolea hewa moto pande mbili za paa. Ukipaka rangi, paka nyeupe.

Madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini. Kwa kuwa jua letu la adhuhuri liko juu mwaka mzima, upenu wa sentimita 60 ukianzia karibu juu ya dirisha unatosha kulifunika dirisha la mita 1.2 mchana, iwe Gulu au Kabale. Upande wa magharibi upenu hausaidii, jua la saa kumi linaingia chini yake. Huko weka ukuta usio na dirisha, baraza, au mwembe. Matundu ya hewa juu ya madirisha yawekewe wavu wa mbu, yasizibwe kwa karatasi.

Kabale na Kisoro, kwenye baridi, mahitaji ni kinyume: dari, mapazia mazito, kitambaa chini ya mlango. Nawasihi jambo moja. Msiingize sigiri chumbani kupasha joto. Gesi ya mkaa haina harufu, na imeua familia zilizolala.

Paneli za jua ziwe za mwisho katika orodha. Nyumba iliyoshuka kutoka uniti 200 hadi 110 inahitaji karibu nusu ya paneli na nusu ya betri ambazo muuzaji angekuuzia mwaka jana. Andika usomaji wa mita kila Jumapili jioni kwa miezi miwili baada ya kurekebisha haya, ndipo uende dukani na karatasi hiyo. Paneli zilazwe kwa mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izisafishe vumbi, mbali na kivuli cha ule mwembe.