Mugumo: Muulize Afisa wa Misitu Kabla ya Kushika Panga

Kila mvua zinapokaribia, wananchi hufika katika ofisi zetu za misitu kuomba miche ya kampeni ya kitaifa ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Tunawashukuru. Lakini msimu huohuo malalamiko kuhusu mugumo, mti mkubwa wa jamii ya mtini, nayo huongezeka: umechunwa gome usiku, umekatwa kupisha ukuta, umepigwa dawa ya wadudu eti matunda yake yana funza.

Hao mnaowaita funza si waharibifu; ni nyigu wadogo wanaochavusha mti. Tunda la mugumo ni kifuko kilichofumbata maua mengi madogo, ndiyo maana hamlioni ua hata moja mtini. Nyigu jike, mwenye urefu wa milimita mbili hivi, hujipenyeza kwenye kitundu kilicho kwenye ncha ya tunda, kinachombana hata mabawa yake yakakatika. Ndani huchavusha maua, hutaga mayai na kufia humo. Wanawe wa kiume hawana mabawa; hupandana na majike, kisha hutoboa njia ya kutokea. Majike huruka na chavua, na maisha yao huko nje ni ya siku moja au mbili tu. Katika muda huo lazima wafike kwenye mugumo mwingine wenye matunda machanga.

Kila mugumo huzaa kwa wakati wake. Mmoja ukimaliza, mwingine unaanza, na hivyo ninga, hondohondo, popo na tumbili hupata chakula hata miezi ambayo miti mingine haina kitu. Ukiangusha mmoja mkubwa, umekata safari ya nyigu wa miti iliyobaki. Miche elfu moja ya mwaka huu haizibi pengo hilo.

Wazee wa Agikuyu waliulinda kwa imani. Chini yake walichinja kondoo wa rangi moja wakimwomba Ngai, yaani Mungu, mvua, nyuso zikielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na kuukata ulikuwa mwiko. Mwanamazingira Wangari Maathai alisimulia jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni kwenye mugumo wa kwao Ihithe, Nyeri, na jinsi kijito cha hapo kilivyokauka baada ya mti kukatwa. Mwaka 2020, mugumo wa Waiyaki Way jijini Nairobi ulinusurika ujenzi wa barabara kwa amri ya Rais.

Imani hiyo tunaiheshimu. Ila kuuzunguka mara saba hakumgeuzi mwanamume kuwa mwanamke, na wala si mti wa mashetani. Tumelieleza hili barazani mara nyingi mno.

Kuhusu dawa: waganga wa jadi hutumia gome lililochemshwa kwa kuhara na kikohozi, na utomvu kwa vidonda. Hatuwezi kuwapa kipimo salama. Utomvu wa miti ya jamii hii unaweza kudhuru ngozi, hasa ikipigwa na jua, na usiguse macho kabisa. Mtoto anayeharisha apelekwe kituo cha afya.

Tena uchunaji wenyewe ni wa kuua. Mafundi wa Buganda, nchini Uganda, huambua gome la mutuba, ambao ni Ficus natalensis, mojawapo ya aina zinazoitwa mugumo, wakatengeneza nguo, na mti ukaota gome jipya. Wao hawagusi tabaka laini lililo chini ya gome, na shina huvikwa majani ya mgomba. Kwetu panga hufika kwenye mbao na kuzunguka shina lote. Mti huo hauponi.

Katika msitu wa umma, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaharamisha kukata mti au kuondoa mazao ya msitu bila leseni. Faini haipungui Sh100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili. Gome ni zao la msitu, hata likiwa la kujaza mfuko mmoja. Mti ulio shambani mwako, mwone kwanza afisa wa misitu wa eneo lako aje aukague. Barua ya chifu pekee si kibali. Kibali cha kusafirisha kiombwe kabla gari halijapakiwa, si baada ya kusimamishwa barabarani.

Mche uliojiotea kwenye ufa wa ukuta kutokana na kinyesi cha ndege, ung'oe ungali mdogo. Anayetaka kupanda mugumo asisubiri mbegu: tawi nene lenye urefu wa mita mbili, likichimbiwa ardhini mvua zikianza, huota mizizi lenyewe. Lipandwe mbali na nyumba, choo na mabomba ya maji.