Kushika shilingi bungeni sio kukwamisha bajeti

Kila mwaka kuanzia Aprili mpaka Juni, Bunge likiwa Dodoma kwenye bajeti, mitandaoni maneno ni yale yale. "Mbunge kashika shilingi, bajeti ya Uchukuzi imekwama." "Wameshika shilingi ya Waziri wa Mambo ya Ndani, polisi mwaka huu hawapati hela." Chini yake watu kibao wanapongeza, wengine wanalaani, na kuna ambao wanauliza kabisa waziri amekatwa mshahara kiasi gani. Jamani hapana. Hakuna bajeti iliyokwama hapo, na waziri mshahara wake uko pale pale.

Maana yake kwa haraka: kushika shilingi ni hoja ya mbunge ya kutaka mshahara wa waziri upunguzwe kwa shilingi moja, anaitoa kwenye hatua ya Kamati ya Matumizi (Bunge zima likikaa kama kamati kupitisha makadirio fungu kwa fungu) pale ambapo hajaridhika na maelezo ya serikali kuhusu jambo fulani la sera. Shilingi moja, senti mia. Akiridhika anairudisha, asiporidhika wabunge wanaamua kwa kura. Wengine wanasema kutoa shilingi, wengine kuondoa shilingi, kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za maneno yanayosemwa bungeni, utayakuta yote na ni kitu kimoja.

Sasa kinachochanganya watu ni kwanini shilingi moja, na kwanini mshahara wa waziri, wakati mbunge analilia barabara au kituo cha polisi.

Jibu liko kwenye Katiba yenyewe, ibara ya 99. Mbunge wa kawaida hawezi kusimama akaongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina. Haruhusiwi. Pendekezo la kuongeza linatakiwa litoke upande wa Rais na liletwe na waziri, mbunge kwa nafasi yake anachoweza ni kupunguza tu. Kwa hiyo hata kama barabara ya jimboni kwake inafukiwa na matope kila masika, hawezi kusema "naomba tuongeze bilioni kumi kwenye Fungu 98" (fungu ni namba ya bajeti ya wizara au idara, 98 ni Ujenzi), mlango huo umefungwa. Mlango uliobaki wazi ni wa kupunguza, na kupunguza hela ya barabara ili upate barabara ni wazimu, sasa anapunguza nini? Anapunguza kitu kidogo kabisa ambacho hakimuumizi mtu yeyote, ila kikishatajwa kinamlazimisha waziri asimame ajibu. Ndio hiyo shilingi.

Na ni ya mshahara wa waziri kwa sababu vifungu vingine vina mipaka yake, ukifika kwenye kifungu cha manunuzi unaongelea manunuzi, kwenye kifungu cha ukaguzi unaongelea ukaguzi, lakini mshahara wa waziri unabeba sera ya wizara nzima, maana yeye ndiye mwenye dhamana. Hapo mbunge wa Kigoma anaweza kuuliza kuhusu reli na wa Mtwara kuhusu bandari, mshahara ni ule ule.

Utaratibu huu sisi hatukuubuni, tumeurithi kutoka Bunge la Uingereza, kwamba kabla wawakilishi hawajaidhinisha hela za serikali lazima kwanza malalamiko ya watu yasikilizwe. Kule mbunge alikuwa anatoa hoja mshahara wa waziri upunguzwe kwa pauni 100. India nao walirithi, kwao wanapunguza rupia 100 pale mtu anapotaka kueleza kero moja mahususi, na wana hoja nyingine kali zaidi ya kupunguza fungu zima libaki rupia moja, hiyo maana yake hatukubaliani na sera yenyewe. Sisi tuna shilingi moja, ni ileile familia.

Na msidhani ni mchezo wa kuigiza tu. Tarehe 21 Juni 1895 Bunge la Uingereza lilikuwa limekaa kama kamati likipitia makadirio ya jeshi, mbunge wa upinzani anaitwa St John Brodrick akatoa hoja mshahara wa Waziri wa Vita, Henry Campbell-Bannerman, upunguzwe kwa pauni 100, hoja yake ni kwamba jeshi halina akiba ya kutosha ya risasi na baruti mpya ya wakati ule, kodaiti. Ukumbini walikuwa wachache, serikali haikujiandaa. Kura zikapigwa, hoja ikapita 132 kwa 125. Tofauti ya kura 7. Waziri Mkuu Rosebery na serikali yake wakaamua kujiuzulu, mwezi uliofuata ukaitishwa uchaguzi na chama chake kikapigwa vibaya. Yaani mjadala wa baruti uliondoa serikali nzima kwa hoja ya pauni 100. Lakini angalieni vizuri kilichotokea, pauni 100 zenyewe hazikuwa na uzito wowote, jeshi halikukosa hela kwa sababu yake. Uzito ulikuwa kwenye ujumbe kwamba wabunge hawaamini majibu ya waziri. Hiyo tofauti ndio naomba tuielewe.

Turudi Dodoma. Watu wengi wanaangalia vile vipande vya dakika mbili vinavyorushwa, hawajui viko hatua gani, kwa hiyo kila mbunge aliyepandisha sauti wanasema kashika shilingi. Mpangilio uko hivi. Waziri anasoma hotuba ya makadirio, kamati ya kisekta inasoma maoni yake, halafu wabunge wanachangia, hapa ndipo kelele nyingi zinapotoka. Mnakumbuka Mei 2022 Flatei Massay wa Mbulu Vijijini alipiga sarakasi katikati ya ukumbi, kichwa chini miguu juu, akidai barabara ya lami kwao? Ile ilikuwa bajeti ya Ujenzi na Uchukuzi na alikuwa anachangia, kila mtu aliiona na ujumbe ulifika, ila mchango ukiisha umeisha, waziri akitaka anaujibu kwenye majumuisho, asipotaka anaupitia kwa mstari mmoja wa "ushauri tumeupokea".

Baada ya waziri kuhitimisha ndipo Bunge linageuka kuwa Kamati ya Matumizi. Spika anaacha kuitwa Spika, anaitwa Mwenyekiti, na Katibu anaanza kusoma fungu kwa fungu. Wizara ya Ujenzi ni Fungu 98, Uchukuzi ni Fungu 62 (zilikuwa wizara moja mpaka zilipotenganishwa Agosti 2023, na mpaka leo watu wanamlaumu waziri wa reli kwa lami na wa lami kwa reli). Mambo ya Ndani wana mafungu kadhaa, Polisi ni 28, Magereza 29, Zimamoto 14, Uhamiaji 93, wizara yenyewe 51. Ikifika Kifungu 1001, Utawala na Rasilimali Watu, ndipo penye mshahara wa waziri, na hapo unaona wabunge wanasimama kwa wingi kuomba nafasi.

Anayepewa nafasi anaeleza jambo lake moja. Moja tu. Waziri anajibu. Mbunge akiona amejibiwa maneno matupu anasema, Mheshimiwa Mwenyekiti sijaridhika na majibu, naomba nitoe shilingi, na wenzangu waniunge mkono. Wanaomuunga mkono wanasimama, wachache wanapewa nafasi ya kuongezea au kupinga, waziri anarudi tena na safari hii majibu yanabadilika, mara nyingi Waziri Mkuu au Mwanasheria Mkuu anaingia kusaidia, halafu mtoa hoja anapewa neno la mwisho. Ama anasema kwa maelezo hayo namrudishia Waziri shilingi yake, ama anang'ang'ania na Mwenyekiti anawahoji wabunge. Muda ukiisha inaingia gilotini, vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo, na aliyekuwa na shilingi yake mkononi hajapata nafasi ndio basi tena.

Hata akishinda kwenye kura, kinachopungua ni shilingi moja kwenye fungu la mabilioni. Halafu jambo ambalo watu hawalioni kabisa: kwenye vitabu vya makadirio ya bajeti, ile shilingi iko kitabu cha pili, cha matumizi ya kawaida, na hela ya barabara na reli iko kitabu cha nne, cha miradi ya maendeleo. Vitabu viwili tofauti. Kwa hiyo mtu anaposema "kashika shilingi ya barabara yetu" ajue hiyo shilingi haijawahi kuwa kwenye barabara yake. Ni kama abiria aliyeweka mguu mlangoni mwa daladala mpaka konda amjibu kuhusu chenji yake, gari litaondoka tu, anachotaka yeye ni jibu kabla halijaondoka.

Kukataa bajeti ni kitu kingine kabisa na ni kizito kuliko watu wanavyodhani. Mwishoni, bajeti kuu ikishasomwa na Waziri wa Fedha mwezi Juni na kujadiliwa, wabunge wanaitwa jina moja moja, kila mmoja anatamka kura yake hadharani. Wakiikataa, ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge, maana yake wabunge wote wanarudi majimboni kuomba kura upya, na Rais pia anarudi kuomba kura. Kwa hiyo mbunge anaweza kushika shilingi kwa hasira zote Mei halafu Juni akasema ndiyo, na hajawa kigeugeu. Wanaomrushia maneno kwamba "si ulishika shilingi wewe" wanachanganya vitu viwili.

Kuna wanaoleta mfano wa Marekani, kwanini na sisi wabunge wasifunge serikali kama kule. Kule utaratibu ni mwingine. Bunge lao lisipopitisha sheria ya matumizi hela inakatika kweli, na wa kwanza kuonekana ni watu wa usafiri na usalama, wakaguzi wa viwanja vya ndege na waongoza ndege wanaambiwa waendelee na kazi bila mshahara mpaka wakubwa waelewane. Ilitokea siku 35 kuanzia Desemba 2018 mpaka Januari 2019, ikatokea tena siku 43 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, mpaka Novemba serikali yao ikaamuru ndege zipunguzwe kwenye viwanja 40 vikubwa kwa sababu waongoza ndege hawatoshi. Na Rais wa kule hawezi kulivunja Bunge hata likimkatalia miaka yote. Kwetu anaweza, na hata sheria ya matumizi ikichelewa Katiba imeacha njia ya Rais kuruhusu hela itoke kwa muda usiozidi miezi minne. Huwezi kuchukua silaha ya kule ukaitafuta kwenye shilingi yetu. Hata majirani zetu Kenya wana utaratibu tofauti, kamati yao ya bajeti inaweza kutoa hela fungu moja ikapeleka lingine ilimradi jumla isizidi, mbunge wa Nairobi hana haja kubwa ya hii shilingi tunayobishania sisi.

Kwahiyo haina maana? Ina maana sana, na ndio maana inaniuma inavyotumiwa vibaya. Mtu akiiona kama ugomvi wa kuzuia bajeti, anashangilia pale mbunge anaposema "natoa shilingi" na anaacha kuangalia, na kumbe kitu cha maana kinakuja dakika tano baadaye. Waziri aliyesema asubuhi "serikali itaendelea kutafuta fedha" jioni anaweza kulazimika kutaja mkandarasi atakuwa saiti lini, au kwanini mwaka uliopita wizara iliidhinishiwa hela ikapokea pungufu, maana kuidhinishwa bungeni na hela kutoka Hazina navyo ni vitu viwili. Mbunge akibana kuhusu gari la polisi lililokaa juu ya mawe kituoni, au askari wanaopanga vyumba mtaani na wahalifu wanawajua wanapolala, jibu la waziri linaingia kwenye Hansard, na mwaka unaofuata unaweza kumsomea maneno yake mwenyewe. Mbunge aliyerudisha shilingi baada ya kupata jibu lenye tarehe amefanya kazi yake, wala hajaufyata. Aliyeirudisha baada ya kuambiwa "tutalifanyia kazi", huyo ndio wa kuulizwa jimboni.

Kwa hiyo ndugu zangu, badala ya kuandika "kashika shilingi, bajeti imekwama", tuandike ameshika shilingi akitaka maelezo ya kitu gani, waziri kajibu nini, ameirudisha au ilipigwa kura. Hansard zinawekwa kwenye tovuti ya Bunge, fungua siku ya wizara unayoitaka, ruka michango yote nenda mwisho kabisa palipoandikwa Kamati ya Matumizi, utafute Kifungu 1001.