Dakika Tano za Kuinuka Kitini

Zoezi la kwanza ninalompa kila anayekuja kujifunza dansi kwangu ni kuinuka kitini. Nampa dakika tano na sharti moja tu: mwendo usikatike.

Wengi hudhani nawapumzisha. Kabla dakika ya tatu haijaisha, mapaja yanatetemeka na jasho linatoka. Tunapoinuka kwa kasi ya kila siku, tunatupa kifua mbele, na msukumo huo ndio unaotubeba. Miguu inapokea tu mwili ambao umekwisha kuondoka. Ukiiondoa kasi, msukumo nao unaondoka. Unabaki na kazi ya kutafuta pale hasa uzito unapohama kutoka makalioni kwenda nyayoni. Ni mahali padogo mno. Ukijiinua kabla uzito haujafika, unarudi kitini, pu! Ukipapata mahali hapo, makalio yanaachana na kiti bila wewe kujua ni saa ngapi.

Ndiyo maana nasema kasi hufunika. Katika mzunguko wa haraka, bega lililopanda halionekani, na mwenye bega mwenyewe halihisi. Misuli inayofanya kazi kwa nguvu ndogo huhisi mabadiliko madogo. Aliyebeba gunia begani hatajua ukimwongezea kokoto moja, ila kokoto hiyohiyo ikiwekwa kwenye kiganja kitupu, anaijua mara moja. Moshe Feldenkrais aliutegemea ukweli huu katika mafunzo yake ya mwendo: polepole, kwa nguvu kidogo, ili mwili upate kusikia.

Wacheza dansi wanalijua hili tangu zamani. Katika tamthilia ya noh ya Japani, nyayo haziinuki, zinateleza sakafuni. Kazuo Ohno, mmoja wa waasisi wa buto, dansi ya Kijapani inayojulikana kwa mwendo wa taratibu, aliendelea kucheza hata baada ya kutimiza miaka 90. Naye Mmarekani Steve Paxton aliwafundisha watu kusimama tu. Aliiita dansi ndogo, na kwa haki kabisa, kwa sababu ukisimama kimya unagundua vifundo vya miguu haviachi kurekebisha mizani.

Darasani situmii sana neno polepole. Nasema taratibu, kwa kuwa ndani yake mna utaratibu: kipi kinatangulia, kipi kinafuata. Sikubaliani na wanaouza upole wa mwendo kama starehe. Ni kazi ya kutazama, tena nzito, na maisha ya leo yanaihitaji kuliko jukwaa linavyoihitaji. Tazama mkono unavyoiendea simu. Hufika kabla ya nia. Huwaomba wanafunzi wanyooshe mkono huo kama walivyoinuka kitini, taratibu, kutoka pajani hadi mezani. Katikati ya njia ndipo wanapokutana na kinachousukuma: uchovu, upweke, wakati mwingine woga wa ukimya. Wapo wanaoichukua simu hata hivyo, na ni sawa. Safari hii wameamua.

Juma lililopita mwanafunzi mmoja, hodari wa dansi za kasi, alifika nusu ya kuinuka akaniambia kwa mshangao, "Mwalimu, mguu wangu wa kushoto haufanyi chochote." Miaka yote alikuwa akiinuka kwa wa kulia. Akaketi tena, akaweka nyayo zote mbili sakafuni, nami nikaanza kuhesabu dakika tano nyingine.